Sentimeta Tano Kufika Meza ya Pili

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi hushindwa karata kwa makusudi.

Leo nilikuwa na ree ya turufu mkononi, karata kubwa kuliko zote. Nikatoa nne. Nne! Shangazi, ambaye ndiye mwenzangu mezani, alinitazama kama nimemwaga chungu cha wageni.

Sababu ni hii. Katika ukumbi wetu wa karata kengele ikilia, jozi iliyoshinda huhamia meza inayofuata, iliyoshindwa hubaki ilipo. Kati ya meza ya kwanza na ya pili kuna kabati la vikombe. Nafasi ya kupita: sentimeta hamsini na nane. Kiti changu cha magurudumu: sitini na tatu. Nimepima mara nne kwa rula ya shule.

Ningeweza kumwomba Katibu wa chama asogeze meza. Lakini ukumbi mzima ungegeuka kunitazama. Afadhali nne.

Sasa balaa. Shangazi kamwambia Mama Chai, anayetuuzia chai ukumbini, kwamba mtoto wa kaka yake ana kichwa cha mitihani, cha karata hana. Jumamosi ni mashindano. Tukibaki tena meza ya kwanza, ataniacha acheze na Fundi Viatu. Fundi Viatu! Mzee mwenye kigari cha umeme chenye honi, anayekiegesha mlangoni kama waziri! Na asiye na mwenza hakai mezani. Nimemaliza shule, marafiki wote wametawanyika. Ukumbi huu ndio mahali pekee ninapokwenda.

Lazima nipate sentimeta tano.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Nimefika asubuhi kabla ya watu, nikaegemeza bega kwenye kabati, nikasukuma. Kabati halikwenda popote. Mimi ndiye niliyekwenda, kinyumenyume, hadi ukutani. Nilisahau kufunga breki.

Mtunza ukumbi akatokea na ufagio, akauliza kulikoni. Nikasema nimeona mende.

Yule baba ana roho nzuri mno. Alisogeza kabati lote, akaua mende watatu (kumbe walikuwepo!), akafagia, akalirudisha. Akanihakikishia kwamba sasa naweza kukaa kwa amani.

Nimepima. Hamsini na saba.

Jumatano, 5 Juni

Kama kabati halipungui, nitapungua mimi. Nimekwenda kwa fundi baiskeli anitolee zile pete za chuma ninazoshika ninapojisukuma. Kauliza sasa nitashika nini. Nikajibu nitashika tairi. Kaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikasema ndiyo.

Kiti sasa ni hamsini na sita na nusu. Napita! Kwa nusu sentimeta, lakini napita! Jumamosi nitashinda kama mtu wa kawaida.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya mazoezi. Sijui nianzie wapi.

Tairi ni chafu. Mikono inayoshika tairi ni michafu. Karata ni nyeupe.

Fundi Viatu alisimama katikati ya mchezo akatangaza kwamba binti huyu anaweka alama, kwamba kila karata kubwa ina dole gumba lake. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Wote! Shangazi akamjibu kwamba anayeshinda kwa wizi ni mwizi, lakini huyu wake hajawahi kushinda hata mara moja, sasa anaiba nini? Sijui kama alikuwa ananitetea.

Katibu alikagua karata moja moja. Akakuta nimechafua zote, hata nne. Hukumu: si mwizi, ila Jumamosi nicheze nimevaa glavu. Mama Chai kaniazima zake za kuoshea vyombo. Za njano. Zinafika kwenye kiwiko.

Jumamosi, 8 Juni

Tulishinda! Kwa glavu hizo ilikuwa kama kucheza kwa vidole vya miguu, lakini tulishinda. Shangazi alipiga kelele hadi vikombe vikalia kabatini. Kengele. Nikageuza kiti, nikavuta pumzi, nikaingia kwenye uwazi.

Nikakwama.

Kumbe mpira wa glavu umejikunja kati ya gurudumu na kabati. Siendi mbele, sirudi nyuma. Nimeziba njia ya jozi zote, na Mama Chai hafikii vikombe. Nikatabasamu. Nilisema naangalia vikombe tu.

Aliyeniokoa ni Fundi Viatu. Alileta kigari chake kutoka mlangoni, akakifunga kwa mkanda wake kwenye kiti changu, akakirudisha nyuma, huku mkono mmoja umeshika honi na mwingine umeshika suruali. Nikatoka kama kizibo. Kisha Mtunza ukumbi na Katibu wakasogeza meza ya kwanza. Dakika moja! Sasa ng'ombe anaweza kupita.

Katibu akauliza kwa nini sikusema siku zote hizi. Nikasema ndiyo kwanza nimeona. Fundi Viatu akacheka, akasema yeye mwaka jana aliomba nafasi ya kigari mlangoni na akapewa siku hiyohiyo.

Tumemaliza tukiwa meza ya tano. Shangazi kamwambia kila mtu kwamba mimi ni damu yake.

Jumapili, 9 Juni

Katibu kapiga simu. Kwa ushindi wa jana tumechaguliwa kucheza na chama cha mtaa wa pili, Jumamosi ijayo. Ukumbi wao uko ghorofani. Ngazi kumi na nane. Akauliza kwa upole kabisa kama ngazi zitanisumbua, kwa sababu wenyeji wako tayari kuhamishia mchezo chini. Niseme tu.

Nikasema hapana, hazinisumbui hata kidogo. Asante sana. Nikakata simu.

Nimepeleleza. Nyuma ya jengo lile kuna kamba na kapi ya kupandishia makreti ya soda. Nina kilo arobaini na saba, kiti kumi na nne. Makreti matatu, tuseme. Hakuna atakayegeuka kunitazama.

Tafadhali, wewe unayesoma, usimwambie Shangazi. Wala Katibu. Wala yule mwenye kamba, hasa yeye, kwa sababu bado sijamwomba.