Malalamiko Kuhusu Jiko Dogo la Nje

Sindeni, Handeni

Kwako Shemeji Hussein Mdoe, Mazingara.

Shemeji mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na dada yako Chausiku, uliyempokea wiki iliyopita, naye ni mzima. Mimi sijambo kwa maana ya kupumua. Nimeamua kulalamika kwa maandishi kwa sababu simu zangu hupokei.

Wajukuu zetu, Yusra na Hajira, wamekuja likizo. Walikuwa wakipika matope kwenye vifuu mlangoni, na mimi, babu mwenye muda mwingi kuliko akili, nikaamua kuwajengea jiko la kuchezea kule nje karibu na ghala. Nikaenda Korogwe kununua misumari na visufuria. Pale stendi watu wa kwetu wakaniuliza nimefuata nini. Nikajibu kwa kujidai kwamba natafuta vyombo, nimeamua kuongeza jiko dogo la nje. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia kwa bodaboda: mzee Sadala anaoa mke wa pili. Jiko nikalimaliza jioni hiyohiyo, na kesho yake dada yako akafunga kanga zake, akaja kwako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nalalamikia neno lenyewe. Lugha yenye maneno mengi namna hii ilikosa nini hata mke aitwe jiko? Wenzangu wakipata jiko wanapewa hongera. Mimi nimejenga jiko la kweli, lenye mafiga matatu, nimeachwa.

2. Nalalamikia hongera, maana na mimi zilinifikia. Imamu ameniuliza kwa upole kama nitaweza kufanya uadilifu baina yao. Fundi cherehani ametaka vipimo vya bibi harusi. Nikamwambia hafiki kiunoni kwangu na kichwani ameezekwa nyasi, akaondoka bila kuaga.

3. Nalalamikia chakula. Tangu dada yako aondoke nalishwa na jiko hilohilo. Asubuhi ugali wa udongo mwekundu, mchana kiporo chake, na mboga ni majani ya mchongoma. Lazima niseme kitamu, la sivyo Hajira analia. Juzi nilijikuta naomba niongezewe.

4. Kwa hiyo naomba ukoo wenu wote uje kukagua, na mje na kamba ya kupimia. Akipatikana mwanamke anayeweza kuingia humo bila kutambaa, shamba langu la mahindi ni lenu. Tukitoka hapo twende serikali ya kijiji, tuombe neno jiko lipigwe marufuku, na kila anayeoa aseme waziwazi kwamba ameoa.

Sina kosa lolote, Shemeji. Hata mbao niliziokota hapahapa nyumbani. Nyumba imenishinda. Jioni namwita nimuulize chumvi iko wapi, halafu nakumbuka hayupo. Mrudishe, nakuomba.

Nisalimie wakubwa na wadogo hapo kwako, pamoja na yule aliyesikika akisema nioe tu niwaondokee.

Ni mimi shemeji yako niliyeonewa,
Sadala Hiza

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, akapita jirani yetu Salome, aliyemsindikiza dada yako siku ile. Nikaifungua nimsomee. Amecheka hadi akakaa chini. Anasema habari ya mke wa pili Chausiku hakuiamini hata kidogo. Alisema nani atamtaka. Kilichomwondoa ni mlango wa jiko lake mwenyewe, ambao niliuokota ukiwa bado kwenye bawaba, nikaufanya meza ya watoto. Mbuzi wakaingia wakamaliza unga, na mmoja akalala juu ya mafiga. Mwambie mlango nimeurudisha. Nimeupigilia juu chini, lakini unafunga. Na lile la nani atamtaka, niulizie, Shemeji, kama alilisema akicheka.