Kondoo wa Mama Mkwe na Beseni la Mahindi

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mama mkwe ametugawia kondoo jike: mmoja kwangu, mmoja kwa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Jumapili anakuja kukagua. Atakayemtunza vizuri ndiye atakayekabidhiwa zizi zima. Kondoo ishirini na wawili! Mwanyumba anampa wake kopo moja la pumba asubuhi, kisha anamwachia majani mchana kutwa. Kopo moja! Mkono wa birika. Mimi nimemmwagia wangu beseni zima la mahindi yaliyoparazwa. Kalifyeka. Nikapiga makofi.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Majani hataki hata kuyanusa. Nani atafune majani na mahindi yapo? Mke wangu akauliza kama nimeuliza mtu anayejua. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama: tumbo limeshakuwa pipa. Beseni la pili.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Pipa limezidi. Ubavu wa kushoto umefura, ukiugonga unalia kama ngoma. Hacheui. Anasaga meno. Kisha akaharisha, juu ya viatu vyangu vya kutokea! Mke wangu kamwita daktari wa mifugo bila kunishauri. Daktari akamnywesha maji ya magadi, akauliza ni nani aliyempa nafaka nyingi kwa mkupuo. Nikamtazama mke wangu. Daktari akaeleza kwamba tumboni mwa kondoo mna vijidudu vinavyomeng'enya majani. Nafaka ikivamia ghafla, tumbo huchachuka na vijidudu hufa. Chakula cha ziada huanzwa kidogo kidogo. Sasa majani makavu tu! Huyu katumwa na mwanyumba, naapa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Anacheua tena, lakini tabia imeharibika. Nikigusa beseni lolote, huyo kafika. Mke wangu alikuwa anafua. Kondoo kazamisha kichwa kwenye povu. Majani anayatafuna kwa kununa, kama aliyealikwa harusini akapewa maji. Na amekonda! Nimemlambisha chumvi ili anywe maji, ajae. Kanywa. Kajaa. Kakojoa. Basi.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Asubuhi nilimchana manyoya yasimame. Nikamwongezea mahindi, kidogo tu, nusu beseni, kutunisha. Mama mkwe hakulitazama tumbo hata kidogo. Alipapasa mgongo! Nani anapapasa mgongo? Mifupa yote ikasomeka. Akaniuliza kwa upole, "Baba, huyu umemlisha nini?"
Nikajibu, "Mapenzi, mama."
Kondoo akabeua.
Zizi kapewa mwanyumba, na kondoo wangu pia, akauguzwe. Mwanyumba kanishika bega, kaniambia nipite kwake siku yoyote anielekeze. Majivuno!
Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Mengi. Mahindi yaliyoparazwa ni magumu. Yangesagwa laini, leo ningekuwa na zizi. Fundi cherehani wa barabara ya pili ana mbuzi aliyekonda. Nimemwambia aniachie wiki moja tu. Ameshukuru sana, maskini.