Gunia Linalopiga Simu

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Leo nimekuwa mvumbuzi. Saa nne asubuhi, kwa kadirio langu.

Chanzo ni aibu, lakini hapa naandika peke yangu. Mke wangu anaendesha mashine ya kupukuchua mahindi uani kwetu. Wakulima wanaleta, yeye anailisha mashine, punje zinatoka upande wa pili na kuingia kwenye gunia. Kazi yangu ni moja tu: gunia likijaa, niliondoe, niweke jingine. Kazi ya mtu yeyote mwenye mikono miwili. Leo nilikuwa nyuma ya banda nikitafakari. Gunia likajaa, likafurika, punje zikatapakaa mpaka kwenye beseni la bata. Mwenye mahindi, bibi mmoja mwenye ulimi, akaniuliza kama mimi ndiye mume wa pale au mgeni aliyepotea njia.

Mke wangu hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema wateja wanahamia kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara, na punje zikimwagika tena kabla ya Jumamosi, nafasi yangu kwenye gunia atampa kaka yake. Kaka yake! Cheche! Fundi wa kuchomelea ambaye huniita Injinia kwa sauti ile ile anayomfukuzia mbuzi!

Ndipo wazo likanishukia. Kwa nini mimi nilichunge gunia? Gunia linichunge mimi!

Jumanne, tarehe 8 Julai

Mtambo umekamilika. Gunia linaning'inia kwenye springi ya pikipiki. Likijaa linashuka, linavuta kijiti, kijiti kinakandamiza kitufe namba mbili cha simu ya zamani ya mke wangu. Ukikikandamiza kwa muda, simu inapiga yenyewe namba iliyohifadhiwa pale. Namba yangu, bila shaka. Mke amhifadhi nani mwingine?

Simu nimeitia ndani ya kopo la plastiki la rangi, nikalifunga kwa gundi ya mabomba ili vumbi lisiingie. Nimeacha tundu la kijiti na tundu la waya wa chaji. Chupa ya gundi inasema haiachii milele. Safi sana.

Jaribio saa kumi jioni. Gunia likajaa, likashuka, kijiti kikakandamiza. Nimeshika simu yangu mkononi, nasubiri. Kimya. Halafu ikalia. Mama mkwe! Anaishi mbali, safari ya nusu siku. Nikasimama wima, nikavua kofia, nikamwamkia. Akauliza kwa nini simu ya zamani ya binti yake imempigia na hakusikia chochote ila ngurumo. Nyumba imeanguka? Nikasema hapana mama, ni gunia limejaa. Akasema sasa kama limejaa, wewe hapo unaongea na mimi unafanya nini?

Nikageuka. Punje zilikuwa zimebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Nililiwahi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Kopo halifunguki. Nimejaribu patasi, maji ya moto na maneno makali. Simu itampigia mama mkwe mpaka mwisho wa dunia.

Leo imempigia mara kumi na moja. Hapokei tena. Anaikata, kisha ananipigia mimi. Mara kumi na moja nimesimama, nimevua kofia, nimesema shikamoo. Ya saba aliniambia mwanangu, shikamoo moja kwa siku inatosha, wahi gunia. Hakuna punje hata moja iliyomwagika. Sijui kama mtambo umeshindwa au umefaulu. Nimeamua umefaulu.

Basi mwenye kitu kama hiki lazima akilinde. Kuna ofisi mjini inayotoa hataza: karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine asiuige. Nimepata fomu kwa mwalimu wa ufundi. Kurasa kumi na nne. Nimezisoma mara tatu. Ukurasa wa kwanza nimeuelewa, isipokuwa katikati.

Mchana nikamfuma Cheche anapima mashine kwa utepe na kuandika vipimo kwenye kiganja! Nikamuuliza kulikoni. Akasema haya ni mambo ya dada yangu, Injinia, wewe kaongee na mama. Mwizi! Tena bila hata kujificha!

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mpango kabambe. Cheche anaweza kuiba vipimo, lakini mashahidi hawezi kuwaiba. Nimewaita wakulima, majirani, fundi baiskeli, muuza mkaa na yeyote aliyekuwa anapita. Watu arobaini na watatu! Nimewaonyesha springi, kijiti na kopo. Nimewaeleza kila kitu. Waliochelewa nimewaeleza upya. Fundi baiskeli akaomba kuuchora mtambo, nikamruhusu, maana mchoro ni ushahidi.

Gunia likajaa. Simu yangu ikalia. Nikavua kofia, na umati mzima ukasema shikamoo mama! Mama mkwe akauliza kwa wasiwasi nani amefariki.

Wote wamesaini kwamba wameona kwa macho yao. Cheche nimemweka wa mwisho, na kwake nimeongeza mstari: mimi hapa sikubuni chochote. Alisaini huku anacheka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mtu mwenye hatia hucheka hivyo.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Mjini. Mke wangu ameniruhusu, na gunia ameshika Cheche. Kwa leo tu, alisema. Lakini Cheche alikuja na glavu zake mwenyewe. Mtu wa leo tu hawezi kuja na glavu.

Ofisini kuna feni inayozunguka bila kutoa upepo na afisa mmoja, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Akasoma maelezo yangu. Akafika pale nilipoandika kwamba mawimbi ya mtandao yanakwenda kwenye kituo cha mbali chenye uwezo wa kufikiri, kuthibitisha na kukemea. Akauliza ni kompyuta ya aina gani. Nikamwambia ni mama mkwe. Akavua miwani.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema shikamoo mama, niko mjini, gunia analo Cheche. Akakata ili ampigie huyo. Nikamwambia afisa: umeona? Umbali wote huo! Akakubali kwamba hajawahi kuona kitu cha namna ile. Moyo wangu ukapaa.

Nikaona nimalizie kwa kishindo. Nikamkabidhi orodha ya mashahidi. Akaisoma jina kwa jina. Akauliza hawa wote wameuona mtambo? Nikasema wote, na nimewafafanulia mpaka wakaelewa, wengine mara mbili, na mchoro upo. Akafunga faili polepole, kama anayefunika chungu.

Akasema hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa, kwao si kipya tena. Ningeanza kwake, halafu ndiyo niite watu. Akaongeza kwamba kwa miaka yake yote pale, hajaona mtu akileta ushahidi wa kujiangusha mwenyewe uliopangwa vizuri hivyo, tena wenye saini zote. Nikamshukuru sana. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikaelewa kwamba haikuwa sifa.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Siku ya hukumu. Nimeamka na kumkuta Cheche uani, amebeba chuma kikubwa. Nikajua basi, anahamia rasmi. Nikaanza kukunja magunia yangu.

Kumbe ni kinga ya mkanda wa mashine! Dada yake alimwomba tangu wiki iliyopita, kwa sababu nina tabia ya kutafakari karibu na mkanda, na yeye bado anavipenda vidole vyangu. Ndivyo alivyosema. Vile vipimo vyote vilikuwa vya hiyo kinga. Sikujua niangalie wapi. Nikamwambia shemeji, kazi yako si mbaya. Akasema asante Injinia, nisaini wapi kwamba hii pia sikuibuni?

Nikamwambia mke wangu ukweli: hataza nimekosa, gunia ampe kaka yake. Cheche akaruka. Hataki! Jana mama yake amempigia mara kumi na nne, na kwa kuwa ni mwanawe wa kumzaa, hakumstahi hata kidogo. Hata utotoni hakusemwa vile.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Akasema kazi ni yangu, na kopo lisiguswe. Mama yake, tangu abaki peke yake, hajachangamka namna hii. Anaamka mapema, anakaa na daftari, anayahesabu magunia. Wiki nzima hajautaja mguu wake unaomsumbua. Kwa hiyo nimebakizwa kazini ili mama mkwe apate mtu wa kumkemea. Nimefurahi. Nadhani nimefurahi.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Wazo jipya! Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe itakayopiga simu yenyewe makali yakiwa butu!

Na safari hii sirudii kosa. Siri! Alhamisi nawaita wale wale arobaini na watatu, niwaeleze kinagaubaga kitu wasichotakiwa kukijua, ili asije mtu akakitaja kwa bahati mbaya. Watasaini kwamba hawajakiona. Mpaka sasa anayejua ni fundi baiskeli tu, kwa sababu ya mchoro.

Mama mkwe amepiga sasa hivi, niko nyuma ya banda naandika haya. Nikasimama, nikavua kofia. Nikaona si adabu yeye awe wa mwisho kujua, nikamweleza yote: makali, springi, waya, kijiti, siri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema mwanangu, mimi nilikupigia kuhusu gunia.