Hisa za Betri na Mapipa Sita ya Zena

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Leo nimekuwa mchambuzi. Si mnunuzi, mchambuzi! Mnunuzi hununua tu. Mchambuzi hukunja uso kwanza, halafu ndipo hununua.

Nimesoma ripoti ya mwaka ya Solvanda, kampuni inayotengeneza betri za magari huko Ulaya. Kurasa mia moja na kumi na mbili, Kiingereza kitupu. Picha zote nimezielewa. Mkurugenzi anacheka kila ukurasa, na mtu mwenye shida hacheki hivyo. Hisa moja ni dola kumi na moja. Mwaka jana ilikuwa arobaini.

Maana yake nini? Msimu wa mawese mengi! Sisi wa Rumonge, huku kando ya ziwa, hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mawese yakijaa sokoni bei huanguka. Mwenye akili hununua, hujaza mapipa, hufunga stoo, hungoja yaadimike. Bei hurudi. Imerudi kila mwaka tangu enzi za babu. Wazungu wanauza kwa hofu kwa sababu hawajawahi kuweka mawese.

Nimenunua hisa thelathini kwa akiba yote ya kibanda changu cha sabuni. Mke wangu Zena ameuliza nimenunua nini. Nimesema betri. Ameuliza ziko wapi, maana simu yake imezimika.

Ziwa limeingia kwenye ua wa jirani. Mvua bado inanyesha.

Jumatano, 17 Aprili

Solvanda dola tisa. Safi kabisa, msimu umekolea.

Jamali ameharibu siku yangu. Huyu anauza inite, vocha za simu, karibu na soko, na amejifanya mwenyekiti wa kundi letu la simuni, Wachambuzi wa Rumonge, watu tisa. Aliandika mbele ya wote kwamba mawese yakishuka bado ni mawese, lakini kampuni ikishuka huenda inakufa. Akaniuliza kama nimeangalia madeni ya Solvanda. Nikamjibu kwamba mimi nimelelewa, sichungulii madeni ya watu. Watatu wakaweka alama ya kucheka. Bila shaka walikuwa wanamcheka yeye.

Soko la Amerika, ambako hisa za Solvanda huuzwa, hufunguliwa saa tisa na nusu, na ndio wakati wetu wa alasiri. Nimesali nikiwa na simu ndani ya kofia. Ilitetemeka kwenye sijda ya pili na mawazo yakanipotea, nikarudia rakaa nzima.

Ijumaa, 19 Aprili

Pontiani amekuja kwa baiskeli. Ni mwalimu mstaafu, mpole. Ana kiwanja juu, ng'ambo ya barabara kuu, mahali ambapo ziwa halitafika hata likiamua. Amemwahidi Zena kiwanja hicho hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atamuuzia mwingine, kwani nusu ya kartie, mtaa wetu huu, inakitafuta.

Zena ana mapipa sita ya mawese stoo. Ni yake. Ameyanunua moja moja kwa kushona sare za shule, miaka sita, na bei sasa imepanda. Mapipa sita ni kiwanja kimoja. Alimwambia Pontiani hivyo mbele yangu, akamwekea ugali na samaki wa ndagala, mzee akala akashukuru. Murakoze, murakoze. Mimi niliwaza yale mapipa. Mali yote ile imelala gizani, haifanyi kazi yoyote! Moyo uliniuma.

Jumatatu, 22 Aprili

Zena ameitwa kwenye msiba wa shangazi yake huko Kabezi. Atakaa siku mbili. Ameniachia ufunguo wa stoo. Fabiola, mfanyabiashara kutoka Bujumbura, angekuja kuchukua mapipa. Kazi yangu kupokea pesa na kuzipeleka kwa Pontiani. Aliyarudia maneno hayo mara tatu, mlangoni, mtoto wetu Raisa akisikiliza.

Fabiola alikuja saa nne. Alichovya kijiti mpaka chini ya kila pipa, akanusa, akalamba. Hakuna tone la maji. Akasema mwenye mawese haya ni mtu mwaminifu. Nikasema ahsante. Amelipa vizuri.

Na leo hii hii, Solvanda dola nne!

Pesa mkononi, bei sakafuni, siku moja. Mungu akupe nini tena? Njia ya kwa Pontiani inapita kwa mwanamke anayebadilisha dola na kuzituma kwenye akaunti. Nilisimama kumsalimia tu. Hesabu ni nyepesi: mwisho wa mwezi bado siku nane, bei ikirudi tisa tu, ninapata kiwanja, baraza na cherehani mpya ya Zena. Nimenunua kwa pesa yote. Nimefanya kwa ajili yake.

Jumatano, 24 Aprili

Dola moja na senti themanini.

Zena amerudi. Ameuliza kama Pontiani ameridhika. Nimesema shughuli inaendelea. Si uongo, inaendelea.

Kioo cha simu ni kidogo mno kwa kazi kubwa. Nimechora grafu kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule, dola arobaini karibu na dari, sifuri karibu na sakafu. Nilikuwa natafuta mahali bei itakapogeukia nilipomsikia Zena nyuma akiita, "Baba Raisa, maji iko mu choo." Nikasema nimesikia. Akasema, "Hapana, haujasikia. Maji iko mu choo, kesho iko mu nyumba."

Ni kweli, harufu ilikuwa imeanza. Majirani wa upande wa ziwa wamehama tangu asubuhi, magodoro vichwani.

Jumamosi, 27 Aprili

Ziwa limeingia alfajiri. Halikubisha. Tuliamka viatu vikielea. Kufika adhuhuri maji yalikuwa yamepita dola nne kwenye ukuta wangu, yakaenda tisa. Hakuna kingine kilichopanda wiki hii.

Zena aliinua kitanda juu ya matofali, akampandisha Raisa, akaniambia twende kwa Pontiani leo hii, tupige turubai kwenye kiwanja chetu. Kiwanja chetu! Hapo sikuwa na pa kutokea. Nikamwambia yote, betri, msimu, bei itakayorudi.

Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kitandani, miguu majini, akauliza swali moja: yamebaki mapipa mangapi? Nikasema hakuna. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya chumvi. Niliogopa. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa sana, na niliona aibu mbele ya mtoto.

Soko limefungwa Jumamosi na Jumapili. Siku mbili za kungoja bila kujua.

Jumatatu, 29 Aprili

Solvanda senti arobaini. Mkurugenzi amejiuzulu. Naliona hili kuwa zuri, anaachia wengine nafasi.

Nilipanda kwa Pontiani kumwomba mwezi mmoja. Aliniambia kwa upole kwamba nimechelewa. Zena alikuwa ameshafika jana, kwa miguu, kumwambia ukweli na kumwondolea ahadi, asizuiwe kuuza. Leo asubuhi mzee amemuuzia Jamali kiwanja. Jamali! Kumbe aliuza hisa zake zote mwezi wa tatu, kwa faida ndogo, akaweka pesa pembeni. Mtu anayeuza akiwa na faida si mchambuzi, ni mwoga.

Nilirudi nikakuta Zena amefunga mizigo. Anakwenda Bugarama, kule milimani, kwa kaka yake aitwaye Hakimu. Cherehani alibeba mwenyewe kichwani, hakutaka niiguse. Hakuniaga. Raisa aliniaga, akanipungia mkono mpaka kwenye kona. Nimelia. Jirani alinikuta nikalaumu moshi, ingawa hakuna moto uwezao kuwaka katika nyumba hii.

Jumatano, 1 Mei

Zena amepiga simu! Hakimu amewakatia pembe ya shamba lake la mihogo. Miti ya nguzo ipo, udongo upo, majirani watasaidia kukandika. Kinachokosekana ni paa. Na paa letu, mabati ishirini na mawili, bado zima juu ya maji. Akasema niyang'oe kabla kuta hazijaanguka, nikodi gari, niyapeleke. "Leta mabati, Baba Raisa. Nakuomba hiyo tu." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini aliniita Baba Raisa. Nikaapa kwa jina la Mungu.

Nimepanda mwenyewe. Kucha mbili zimeng'oka, goti limechanika. Nimeyashusha moja moja na kuyavusha majini mpaka kando ya barabara. Bati la mwisho lilipofika, ukuta wa sebule ukalala ziwani na grafu yake. Nimelala juu ya mabati, mvua ikininyeshea, na nilikuwa na furaha. Mume wa mtu tena! Kesho natafuta gari.

Ijumaa, 3 Mei

Jana hakukuwa na gari, mafuta ya gari hayapatikani. Leo asubuhi Jamali akasimama na pikapu. Akasema Solvanda imetangaza kufilisika, akanipa pole, na pole yake ilionekana ya kweli. Kisha akasema atanipelekea mabati mpaka Bugarama, bure, mafuta ameshapata, twende sasa hivi.

Bure? Jamali? Nikafungua simu nione kinachofichwa. Solvanda senti sita!

Hapo njama ikajifungua yenyewe. Anataka niwe njiani, milimani, bila koneksiyo ya mtandao, wakati bei inapogeuka. Nimeishi miaka arobaini na minne Rumonge, sijawahi kuona mawese yakishuka hivyo yasirudi. Nikamshukuru, nikamwambia gari langu linakuja. Alinitazama kidogo, akaondoka.

Saa tano mabati yote yalikuwa yamenunuliwa na watu wanaojenga kule juu. Kwa pesa hiyo sasa nina jumla ya hisa elfu tano na mia nne. Hata mkurugenzi yule wa kucheka sidhani alikuwa nazo nyingi hivyo.

Zena alipiga baada ya swala ya Ijumaa. Nguzo zimesimama. Raisa ameshafagia mahali pa kitanda chake. Hakimu yuko kwa seremala, anataka kujua mabati yanafika saa ngapi ili akate mbao za paa.

Nikamwambia asikate kitu. Nikamwambia Hakimu ang'oe zile nguzo na achimbe msingi wa mawe, mpana, kwani tutajenga ghorofa.

Akakata simu hapo hapo. Furaha ya ghafla humfanya mtu hivyo.