Mkono wa Puto wa Fundi Ladislas

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sare ya kwaya nimepewa mimi! Gauni thelathini na mbili za kitenge, za jubilei ya parokia, Jumapili ya tarehe 17. Mke wangu Séverine anaimba sauti ya kwanza, lakini hakunibeba. Kilichonibeba ni mkono wa puto, ule uliofura begani. Nilimpelekea mwenyekiti wa kwaya, mama Prisila, gauni ya mfano. Akaushika ule mkono, akaupapasa, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia umetoka kichwani mwangu.

Ukweli, umetoka mtandaoni. Fundi mmoja wa Arusha, anajiita Mama Raya, ameweka huko pateni yake, mchoro wa kukatia, mtu anachapa karatasi na kukatia kitambaa. Nilichapisha kwa Haidari wa steshenari. Chini kulikuwa na maandishi madogo mengi na kisanduku kisicho na kazi. Nikayakata yote kwa mkasi. Karatasi ikapendeza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetundika kibao mlangoni: MKONO WA PUTO, UBUNIFU WA FUNDI LADISLAS. MARUFUKU KUPIGA PICHA. HAKI ZOTE NI ZANGU. Séverine anasema neno "zote" limezidi. Hajui biashara.

Seleman, fundi wa ng'ambo ya barabara, ametoka nje, amekisoma kibao polepole, amerudi ndani. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Agosti

Gauni ishirini tayari. Mikono inagoma kuingia kwenye shimo la bega. Navuta, nalazimisha, inaingia. Kitenge kipya ndivyo kilivyo.

Jioni: mwizi! Seleman ametundika dukani gauni yenye mkono wa puto. Ule ule! Mikunjo ile ile saba, nimeihesabu nikijifanya nanunua karanga. Séverine ameniambia nitulie ninywe chai. Chai gani, na mtu kaibiwa akili yake mchana kweupe?

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Yotham. Ameuliza hakimiliki ndiyo nini. Nikamweleza kama nilivyosikia redioni: aliyebuni kitu asiibiwe. Mzee ameona ni jambo jema sana. Akauliza, aliyeiba anafanywaje? Nikajibu kwa sauti, watu wa nje wasikie: faini, na vifaa vyake vinakamatwa, cherehani ikiwemo! Mzee akaandika yote. Jumatatu tukutane, kila mtu na ushahidi wake.

Njiani nikajiuliza ushahidi wangu ni upi.

Jumapili, 10 Agosti

Mabaya mawili.

La kwanza. Baada ya misa kwaya wamejaribu gauni. Wimbo wao wa shukrani unataka mikono ipande juu. Haikupanda! Iliishia kifuani, wote wamesimama kama watu wanaobeba ndoo. Monika wa sauti ya pili akalazimisha, mshono wa kwapani ukapasuka, mpiga kinanda akageuka. Nikaeleza kuwa huo ni mtindo wa unyenyekevu. Mama Prisila akasema unyenyekevu wanaufahamu bila msaada wangu. Mikono isipopanda kufikia Jumatano, watavaa sare za zamani, na nisiwashonee tena maisha. Miaka tisa nimewashonea! Nikiwapoteza hao, nani hapa Mpanda ataniletea kitambaa? Séverine alitangulia mbele njia nzima, kama hatujuani. Ningependa angenigombeza.

La pili. Nimefungua tena ukurasa wa Mama Raya. Ameandika: Kazi hii ina hakimiliki. Sikuendelea kusoma. Nimezima simu, nimeiweka chini ya mto. Faini! Cherehani! Nimeyatamka mwenyewe, na mzee Yotham anayo kwenye daftari.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika wa kwanza. Nikamwambia mzee Yotham nimemsamehe Seleman, mimi ni Mkristo, kesi ifutwe. Akasema kusamehe ni kuzuri, ila amewaza mawazo ya wiki nzima kwa siku mbili, kwa hiyo nikae.

Seleman akaja na karatasi. Pateni ya Mama Raya! Nzima, haijakatwa hata pembe. Kachapisha kwa Haidari yule yule, mwezi Juni, kabla yangu. Mkono wangu hakuwahi kuuangalia. Kama ardhi ingepasuka ningeingia bila kuvua viatu.

Mzee akavaa miwani, akasoma maandishi ya chini kwa sauti. Kazi hii ina hakimiliki. Nikafumba macho. Akaendelea: yeyote ana ruhusa kushona na kuuza nguo. Asiuze karatasi. Asiseme ni yake. Ataje jina langu.

Basi! Hakuna faini! Cherehani yangu inabaki! Nilicheka mpaka nikakohoa, nikamkumbatia Seleman, yeye kasimama tu. Mzee akauliza, sasa nani alimwibia nani? Nikasema hapana mwizi hapa, mzee wangu, sisi ni ndugu. Akaagiza kibao kishuke leo leo, naye akaja kukishuhudia kikishuka.

Hayakuishia hapo. Karatasi ilisema pia: kabla ya kukata pima kisanduku hiki, kiwe sentimita tano kila upande. Mzee akaomba futi iliyokuwa shingoni kwangu. Nne na nusu! Mashine ya Haidari ilibana mchoro ili uenee kwenye karatasi. Seleman aligundua hilo kwenye gauni yake ya kwanza, akaongeza kwapani kipande cha kitambaa cha pembe nne. Alifundishwa na fundi wake wa Tabora, sasa marehemu. Amenionyesha bure, baada ya yote niliyomsema. Hakunikumbusha hata moja.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili Seleman amekaa kwenye kiti changu cha pili, tunatia vipande kwapani. Gauni kumi na mbili za mwisho tumezikatia mikono ya kipimo sahihi.

Alasiri, mazoezi. Mama Prisila akahesabu mpaka tatu. Mikono ikapanda! Ikashuka, ikapanda tena! Monika alirusha ya kwake kama anafukuza ndege shambani, na mshono ukashika. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi. Séverine amenipikia kuku. Leo nitalala usingizi ambao sikuupata tangu Ijumaa.

Nimemwandikia pia Mama Raya, nikaungama. Amejibu kwa upole. Anaomba picha ya kwaya tu.

Jumapili, 17 Agosti

Jubilei. Mikono sitini na minne juu! Sikumbuki mahubiri, nilikuwa naangalia makwapa ya watu. Mungu anisamehe.

Wakati wa chakula mwalimu wa kwaya ya Kakese, mama Cecilia, akanijia. Mkono ameupenda. Nikasema ni wa Mama Raya wa Arusha, bila kusita! Nilijisikia mtu mwema kabisa. Akasema lililomshangaza zaidi ni lile kwapa, hajaona lingine kama hilo. Nani kalibuni? Nikafungua mdomo nimtaje Seleman. Mdomo ukasema Ladislas.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka na amani. Mtu akishaielewa hakimiliki anaogopa nini? Nimeanza barua kwenda ofisi ya hakimiliki Dar es Salaam, kuuliza namna ya kusajili Kwapa la Ladislas, pamoja na adhabu kwa mafundi jirani watakaoliiga.

Seleman amevuka barabara kuazima sindano. Akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nikafunika kwa kiwiko, nikasema namwandikia shangazi yangu wa Mishamo. Amesema nimsalimie sana. Halafu amekaa kwenye kile kiti cha pili, ananisubiri nimalize ili anifundishe kola moja ya yule marehemu wa Tabora. Naandika haraka. Nitaacha nafasi chini ya barua kwa ajili ya Kola ya Ladislas.