Kabureta Mbili na Cherehani Moja

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ilembo, Mpanda. Vumbi. Nimekunywa chai kavu, kwa sababu mke wangu Séverine anashona tangu alfajiri na sijui mihogo ameiweka wapi.

Habari kubwa! Mzee Amosi, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, ametangaza kwamba Jumapili ya Pentekoste maandamano yatatanguliwa na pikipiki yenye bendera. Sharti ni moja. Iende mwendo wa miguu, maana nyuma yake wanatembea padri na wanakwaya, na isizime wala isiruke. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Ngusa naye akanyoosha. Ngusa ni fundi pikipiki kama mimi, banda lake linatazamana na langu, na kila asubuhi badala ya salamu huniuliza kama yangu imewaka.

Yangu ni kubwa. Niliikuta imelala chini ya turubai la mkandarasi mmoja wa barabara, nikaionea huruma. Ina silinda mbili, na kila silinda ina kabureta yake ya kuivutia petroli na hewa. Bodaboda za hapa zina kabureta moja moja, hata ya Ngusa. Shida ni kwamba hizi mbili hazipatani. Moja inavuta sana, nyingine inavuta kidogo, kama ng'ombe wa plau ambao mmoja ameshiba. Ikikimbia huwezi kujua. Ikienda polepole inatetemeka, inakohoa, inazima. Dawa yake ni kukaza na kulegeza skrubu mpaka zote zipumue sawa. Ni kazi ya fundi wa kweli. Nina mpaka Jumapili.

Séverine amesikia. Hakugomba. Alisema tu, huku anakata kitambaa chekundu cha sare za kwaya, kwamba saa ya ukutani ilikwenda kwenye pikipiki, kifuniko cha sufuria kilikwenda kwenye pikipiki, na siku kitu kingine cha nyumba hii kitakapokwenda huko, yeye anarudi kwao Litapunga. Heri angepiga kelele. Nampenda mke wangu na nilimwogopa.

Jumanne, 3 Juni

Mpira wa dripu! Niliuwaza kitandani. Ncha moja kabureta ya kulia, ncha nyingine ya kushoto, katikati unatia oili kidogo. Upande unaovuta zaidi, oili inapanda kwake. Unakaza skrubu, oili inatulia. Akili safi. Nilijiona mbele ya bendera.

Nilisahau kwamba anayevuta sana mwisho hunywa. Iliinywa oili yote. Ulitoka moshi mweupe, ukafunika banda, ukavuka barabara, ukatulia juu ya dagaa wa mama wa genge. Ngusa alikuja taratibu akauliza kama tumepata Papa mwingine. Walicheka wote, hata Waislamu.

Mama wa genge anasema dagaa wananuka gereji. Nimewalipia, tumewala sisi. Kweli wananuka.

Jumatano, 4 Juni

Nimegundua kiini. Si mimi. Ni skrubu. Zimechakaa meno, kwa hiyo nikishazilinganisha, mtetemo unazizungusha na kuzirudisha zilipokuwa. Nahitaji skrubu yenye meno madogo, springi ya kuibana isicheze, na kichwa cha kuzungusha kwa vidole. Mbili. Nimezunguka maduka yote ya spea sokoni. Muuzaji mmoja alinishauri nitafute Dar. Mwingine alinishauri nitafute kazi nyingine.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Séverine alikuwa amekwenda kijiji cha pili kuwapima wanakwaya waliobaki, kurudi kesho jioni. Cherehani ilikuwa peke yake dirishani.

Sikuwahi kuitazama vizuri kabla. Pale uzi unapopita kuna kidude cha kuukazia: skrubu ya meno madogo, springi, kichwa cha kuzungusha kwa vidole. Na juu ya kile kiguu kinachobana kitambaa kuna nyingine, ndugu yake kabisa. Niliketi nikazitazama jinsi waume wengine wanavyotazama wake zao.

Nikajiuliza kwa haki. Séverine alisema kitu cha nyumba. Je, cherehani ni kitu cha nyumba? Ni kitu cha kazi. Kazi na nyumba ni mambo mawili.

Nimezichomoa. Mahali pake nimeweka springi za kalamu na nati za mpira wa baiskeli. Kwa mbali huoni tofauti. Matundu ya kabureta yalikuwa madogo, nimeyapanua kwa msumari wa moto na tupa. Nitazirudisha kabla hajarudi.

Alhamisi, 5 Juni

Alirudi mapema.

Lakini kwanza niandike furaha, isije ikapotea. Asubuhi pikipiki imewaka mara moja na ikanguruma sawasawa, pumzi moja. Niliweka glasi ya maji juu ya tangi, haikumwagika. Nilikwenda mwendo wa miguu mpaka kwa Ngusa na kurudi. Ngusa aliweka spana chini, akatazama. Katika maisha yangu sijapata siku nyingine kama hiyo, na iliisha saa nne.

Séverine aliketi kushona. Uzi ukajikusanya chini ya kitambaa kama utumbo wa kuku. Akafumua, akashona tena. Ikawa vilevile. Sare ya kiongozi wa kwaya ilipasuka begani kwa kukunjuliwa tu. Nilikuwa nje najifanya nafuta tangi. Nilisikia cherehani imenyamaza.

Alitoka na springi ya kalamu kwenye kiganja. Akachuchumaa kando ya pikipiki. Kwenye skrubu ya kushoto palikuwa na kiuzi chekundu kimejizungushia. Alikivuta polepole mpaka kikaisha. Nilimwambia cherehani ni kitu cha kazi. Akaingia ndani kukunja vitambaa.

Ijumaa, 6 Juni

Nyumba haina sauti. Ameondoka jana ileile na vitambaa vyote, amekipakata kichwa cha cherehani. Aliyempeleka Litapunga ni Ngusa. Hakuna mwingine aliyekuwa na pikipiki inayowaka kwa uhakika, eti. Yangu ilikuwa inawaka!

Sijala. Nimeketi kwenye kiti chake nikatazama meza iliyobaki, na miguu ya kukanyagia. Nilikanyaga kidogo. Gurudumu likazunguka bure. Nikalia.

Jumamosi, 7 Juni

Mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa mikono mitupu wala kwa mdomo wako mwenyewe. Anafuatwa na pombe na mzee wa kukusemea. Nilimwomba Mzee Amosi. Alikubali kwa sababu ya sare. Aliuliza kwa nini sizifungui skrubu kwanza, tukaenda na basi. Nikamweleza: kuzirudisha lazima nifike, kufika lazima pikipiki itembee, na haitembei bila skrubu. Alisema hakuona nilipokosea lakini anajua nimekosea.

Tumefika bila kuzima hata mara moja. Niliona vibaya kufurahi.

Baba mkwe, Mzee Ladislas, alitupokea vizuri. Wakwe zangu asili yao Burundi, na pombe ya mtama huinywa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Chungu kikawekwa katikati. Wajomba wakapewa mirija. Mzee Amosi akapewa. Jirani aliyepita kuomba moto akapewa. Wangu haukuletwa.

Mzee Amosi alisema vizuri mno. Alisema mimi ni mtu mwema mwenye mikono isiyotulia. Baba mkwe alinyonya kidogo, akauliza skrubu ziko wapi. Nikaenda kuzifungua mbele ya wote. Séverine alizipokea bila kunigusa vidole, akaingia ndani. Tulisubiri. Akaizungusha cherehani kwa mkono, ikalia vizuri, mfululizo, na baba mkwe akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio.

Hukumu yake: Séverine atarudi Mpanda kwake, na sare, kesho alfajiri. Mimi nitabaki hapa kupukuchua mahindi mpaka yeye baba aseme inatosha. Akisema inatosha, mlango wa Ilembo uko wazi. Nikiharibu tena, asinione. Kisha mrija wangu ukaletwa. Mfupi, haukufika kwenye pombe.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Mzee Amosi alirudi jana na basi. Ngusa alikuja kumchukua Séverine kabla ya jua. Pikipiki yangu iko chini ya mti wa parachichi, kabureta zina matundu wazi, nikiweka skrubu za zamani hazishiki, zinadondoka zenyewe.

Mzee Amosi amepiga simu. Maandamano yalipendeza. Ngusa alikwenda mwendo wa miguu, hakuzima. Kwaya iling'aa. Kitambaa kilibaki kidogo, Séverine akamshonea Ngusa mkanda mwekundu wa kifuani ili afanane na wengine. Nilimshukuru kwa taarifa, nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Jioni Séverine ametuma ujumbe. Nimalize mahindi nirudi, ananisubiri. Nimeusoma mpaka simu ikazima. Nimeapa kwa marehemu mama: sitagusa tena kitu cha mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Baba mkwe amenionyesha mashine yake ya kupukuchulia, ya mkono. Anaitunza sana. Unatia hindi juu, unazungusha, punje zinashuka. Amesema kwa mashine hii, mfanyakazi mzuri anamaliza ghala lote kabla ya wiki kwisha. Bila mashine, kwa vidole, ni mpaka mvua za masika.

Nimefanya kazi mpaka mchana, hata amenisifu. Kisha amekula, akalala kwenye mkeka.

Ubavuni mwa mashine kuna skrubu ya kurekebisha nafasi ya kupita hindi. Ya chuma safi, nene, ina springi yake ya kuibana, na nati yenye masikio mawili ya kushika kwa vidole. Upande wa pili kuna nyingine. Zinafanana kabisa. Nimezipima kwa jicho na matundu ya kabureta. Hata Mungu angezipima asingepata zaidi.

Mahindi hayana haraka. Séverine amesema ananisubiri, na nikitokea mlangoni kwa pumzi moja, mwendo wa miguu, Ngusa akitazama, atafurahi zaidi. Nitazirudisha kabla mzee hajaamka.