Umanjano wa Tabaka la Chini

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimetenganisha vimiminika kama mkemia. Uongo. Nimeosha chupa ishirini na kufagia. Ila macho hayana pazia: nimemwona Mkuu wa maabara akitia maji ya mizizi kwenye chupa yenye koki chini, akaongeza dawa, akatikisa. Viwili hivyo havichanganyiki. Vinakaa matabaka mawili, kama wake wenza walionuniana. Dawa hunyonya umanjano wa mizizi, na huo umanjano ndio anaoutaka. Kazi ya mwezi mzima! Ijumaa mkataba wangu unakwisha, na barua ya kuniongeza anaandika yeye. Nikimmalizia kazi, je?

Jumanne, 4 Juni
Mlinzi kanicheka. Eti mzee wa ufagio na kemia wapi na wapi. Nikamjibu hata darasa la nne tulifundishwa kuwa mafuta huelea, na dawa ni jamaa ya mafuta. Mkuu alipokwenda kula, nikatikisa chupa nyingine aliyoiandaa. Kizibo kikaruka hadi darini! Kumbe hutolewa hewa kwanza. Nikafungua koki, tabaka la chini, nililodhani ni maji, likaenda sinki. Nikatazama lililobaki juu. Maji matupu, umanjano hakuna. Dawa yake ni nzito, huzama! Nikabandika karatasi: SINKI BOVU.

Jumatano, 5 Juni
Nimeacha chakula mezani. Mke wangu kauliza naumwa nini, nikasema mgongo. Mkuu yuko mkutanoni, Mungu mkubwa. Nikawaza: kizito huzama, na kona ya bomba chini ya sinki haikauki. Nikaifungua juu ya ndoo. Umanjano huo! Pamoja na nywele na povu. Nikachuja kwa fulana yangu nyekundu. Sasa ni rangi ya chungwa. Nimerudisha chupani hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Juni
Mkuu kaiinua chupa dirishani. Akaigeuza huku na huku. Kisha: "Mzee wangu, mizizi yangu tangu lini ikaota nywele?"
Nikakiri yote. Akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe nusu ya mizizi aliiweka kwenye friji.

Ijumaa, 7 Juni
Barua nimepata. Miezi mitatu, kwa sharti nisiguse chochote chenye koki. Friji haina koki.
Mlinzi nimemwambia: wewe nilikufichia siri siku ile ulipolala getini. Sina makuu. Jumatatu, saa ya chakula, niazime tu ufunguo wa friji.